Kulishwa si kula: historia ya watu waliotafuta chakula cha kwao

Wakati kambi za kandokando ya Goma zilipokuwa zimejaa, mama mmoja kutoka Masisi alinisimamisha njiani. Alinitambua kwa sauti, maana alikuwa akinisikia kwenye redio ya jirani yake. Aliniambia ana swali, lakini hakutaka niliulize hewani kwa jina lake.

Siku ile walikuwa wamegawiwa unga wa mahindi. Yeye alichukua sehemu ya unga wake akauuza, akanunua sombe, mafuta ya mawese kidogo na kopo moja la sambaza. Bwana mmoja wa pale pa kugawia alimwona akasema kwa sauti kubwa, mbele ya watu: “Hawa hawana njaa. Mwenye njaa hachagui.” Watu wakacheka. Mama alirudi hemani akapika, watoto wakala, lakini yeye chakula hakikushuka kooni.

“Mwanangu,” aliniuliza, “ni dhambi mtu kutamani chakula cha kwao?”

Nilimjibu haraka kwamba si dhambi, lakini jibu langu lilikuwa jepesi. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta jibu zito zaidi, na nimelipata katika historia. Leo ninawaletea, wasikilizaji wetu, ninyi mlio kwenye mahema, ninyi mliopokewa na jamaa, na ninyi mliowapokea.

Tuanze na wale ambao hakuna aliyewacheka. Wakati wa ukoloni, mzungu aliyekuja kufanya kazi Kongo hakukubali kuacha chakula cha kwao. Meli zilizofika Matadi zilileta makopo ya nyama, soseji, siagi, samaki na maziwa. Mizigo hiyo ilipanda treni, ikapanda mashua za mtoni, mwisho ikabebwa na watu kichwani mpaka kwenye kituo cha mbali, ili bwana mmoja apate kifungua kinywa alichozoea. Bia nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1923 kampuni ya kutengeneza bia iliundwa Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Ndiyo mama wa Bralima, ambayo chupa zake za Primus tunazijua sote. Hakuna aliyemwambia mzungu kwamba mwenye kiu hachagui.

Hapa kwetu kuna mfano ulio karibu zaidi, nao mama yule anaujua kuliko mimi. Ni jibini ya Masisi, ile tunayoiita fromaji. Miaka ya 1970 mapadri Wabelgiji ndio walioanzisha utengenezaji wake katika vilima vile. Huko Ubelgiji kuna monasteri zinazojulikana kwa bia na jibini, kama Chimay na Orval. Kwa hiyo padri aliyefika Masisi, akaona majani mabichi, ng’ombe na baridi ya asubuhi, aliona kitu kinachofanana na kwao. Jibini iliyotengenezwa inafanana na ile ya Gouda, mji wa Uholanzi, jirani wa Ubelgiji.

Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa. Maziwa yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha, na yakishaganda yanakatwa vipande vidogo ili maji yatoke. Kinachobaki kinatiwa katika vyombo vya mviringo na kukandamizwa. Kisha kinalazwa katika maji ya chumvi, na mwisho kinapangwa juu ya mbao, mahali penye ubaridi, mpaka kikomae.

Angalieni faida yake. Maziwa mabichi hayawezi kungoja barabara yenye matope. Yakichelewa siku moja yameharibika. Lakini jibini inangoja. Inaweza kukaa majuma kadhaa na kushuka Goma juu ya pikipiki, na kwa miaka mingi ilipanda ndege kwenda Kinshasa. Hivyo mfugaji wa mlimani, aliyekuwa akimwaga maziwa yaliyobaki, alipata soko. Wenyeji walijifunza kazi, wakaimiliki. Leo ukimwuliza mtoto wa Masisi fromaji ni ya nani, atakuambia ni ya kwetu. Na kweli ni ya kwao. Tangu vita vya 1993, mara ngapi ng’ombe wameibwa na kuchinjwa, malisho yakaachwa, watengenezaji wakakimbia? Na kila mara penye utulivu kidogo, kuna mtu aliyerudi, akatafuta maziwa, akaanza tena.

Kwa hiyo chakula kilichoanza na kumbukumbu ya mgeni kimesomesha watoto wa wenyeji. Hilo ni jambo la kwanza.

Lakini mtu anaweza kuniambia: padri hakufukuzwa kwao. Alitumwa, na akichoka angeweza kurudi. Mama yule alikimbia risasi. Ni sawa. Basi tuwaangalie watu waliokimbia, tena waliofika katika nchi tajiri.

Algeria ilitawaliwa na Ufaransa tangu 1830. Wazungu wengi walihamia huko, Wafaransa, Wahispania, Waitalia, wakazaa watoto na wajukuu ambao hawakuijua nchi nyingine. Tarehe 1 Novemba 1954 Waalgeria walianza vita vya kudai uhuru, na waliupata Julai 1962. Katika mwaka ule mmoja zaidi ya watu 600,000 walivuka bahari kwenda Ufaransa, wengi wakiwa na masanduku mawili tu mkononi. Sitetei utawala wao. Waalgeria waliumia sana chini yake, na uhuru ulikuwa haki yao. Ninatazama tu familia inayoshuka melini Marseille, na bibi kizee aliyeacha nyumba, makaburi ya wazazi wake na jiko lake.

Walikuwa wakienda “nyumbani”, maana pasi zao zilikuwa za Ufaransa na lugha yao ilikuwa Kifaransa. Lakini wengi walikuwa hawajawahi kuikanyaga nchi ile, na mapokezi hayakuwa mazuri. Waliambiwa wanajaza nyumba na kuchukua kazi za watu. Mambo tunayoyasikia Goma, Bukavu na Beni kila vita vinapozuka.

Na walitamani nini? Walitamani merguez. Ni soseji nyembamba, nyekundu kwa pilipili. Inatengenezwa kwa nyama ya kondoo au ng’ombe, inatiwa bizari ya pilau na viungo vingine, inajazwa katika utumbo mwembamba wa kondoo na kuchomwa juu ya makaa. Haina nguruwe, kwa sababu ni chakula cha Waislamu wa Afrika ya Kaskazini, na Wayahudi wa kule pia wana merguez yao. Fikirini jambo hilo. Wazungu hawa waliishi wakijiona juu ya Mwalgeria, lakini walipokuwa mbali, ladha waliyoililia ilikuwa ya Mwalgeria. Mfanyakazi Mwalgeria aliyekuwa akijenga barabara na viwanda vya Ufaransa, naye alikuwa akitafuta soseji ile ile. Watu ambao vita viliwatenga walijikuta wanangoja kwenye bucha moja.

Mabucha waliofika kutoka kule walifungua maduka, na majirani Wafaransa wakaanza kuonja. Leo merguez inachomwa nje ya viwanja vya mpira, kwenye sherehe za mitaa, hata kwenye maandamano ya wafanyakazi, ikiwa katikati ya mkate pamoja na vibanzi vya viazi. Kijana Mfaransa anayeila hajui kwamba anakula machozi ya mtu.

Sasa tuwaone Wakongo wenyewe. Hapa historia inaanza vibaya.

Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alipeleka Wakongo 267 Ubelgiji ili waonyeshwe kwa watu huko Tervuren, karibu na Bruxelles. Walijengewa vijiji vya kuigiza pembeni ya maji, na wageni kwa maelfu wakaja kuwatazama kana kwamba ni wanyama wa bustani. Wageni waliwatupia vitu vya kula, mpaka baadhi yao wakaugua tumbo. Wenye kuandaa maonyesho waliweka tangazo kuwakataza watu, likieleza kwamba weusi hawa wanalishwa na kamati. Majira yale ya joto yalikuwa na mvua na baridi. Wakongo saba walifariki. Makaburi yao yako Tervuren mpaka leo, kando ya kanisa.

Niliposoma habari ya lile tangazo, nilimkumbuka mama wa Masisi. Tangazo lilisema kweli: watu wale walikuwa wanalishwa. Lakini kulishwa si kula. Anayelishwa anaamuliwa na mwingine nini kiingie kinywani mwake na saa ngapi. Anayekula ameketi na watu wake, mbele ya kitu anachokijua, na mkono wake ndio unaochagua tonge.

Miaka 61 baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya 1958 mjini Bruxelles, Wakongo mamia kadhaa walipelekwa tena. Wachache kati yao waliwekwa katika kijiji cha kuigiza, na wageni wakawatupia ndizi na karanga. Lakini safari hii hawakuvumilia. Walikataa, wakarudi nyumbani kabla ya maonyesho kwisha.

Karibu na miaka ile ile, na zaidi baada ya uhuru wa 1960, wanafunzi Wakongo walianza kuwa wengi Bruxelles. Nyumba ya kuwapokea ilikuwa katika komini ya Ixelles, karibu na mahali panapoitwa Porte de Namur. Mwanafunzi alikuwa na chumba, vitabu na koti la baridi, lakini hakuwa na sombe. Kidogo kidogo maduka yakafunguliwa kandokando, hasa kwenye barabara ya Chaussée de Wavre na katika jengo la maduka la Galerie d’Ixelles. Watu wakaupa mtaa jina la Matonge, kama Matonge ya Kinshasa.

Mkongo akifika huko leo anakuta pondu, ndiyo sombe yetu, ikiwa imegandishwa kwa baridi. Anakuta shikwange zikiwa bado ndani ya majani, makayabo, mawese, ndizi za kupika na samaki wa moshi. Mzigo umepanda ndege Ndjili na kushuka Zaventem. Bei ni kubwa, na mama anayesafisha maofisi usiku anailipa hata hivyo. Hakuna anayemwuliza kwa nini hanunui viazi vya Kibelgiji, ambavyo ni rahisi. Anajua mwenyewe kwa nini. Kule dukani anazungumza lugha yake, anasikia habari za nyumbani, anaambiwa nani amefiwa na nani amejifungua. Anabeba mfuko wa pondu, na ndani ya mfuko kuna zaidi ya pondu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo linafaa tulikumbuke sisi wote, hasa wale wanaosema kwamba kila mtu ale chakula cha ardhi yake tu. Mihogo haikuzaliwa Kongo. Ilitoka Amerika ya Kusini, ikaletwa na Wareno kwenye pwani ya Kongo zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mahindi na maharagi nayo yalivuka bahari hiyo hiyo. Hata sambaza ya ziwa Kivu ni mgeni: ilichukuliwa ziwa Tanganyika, ikatiwa katika ziwa letu mwaka 1959. Kuna wazee hapa Goma walio na umri mkubwa kuliko sambaza ya Kivu.

Basi chakula cha kwetu ni kipi? Si kile kilichoota hapa tangu mwanzo wa dunia. Ni kile ambacho mama alipika, bibi akakitia chumvi, na sisi tukakila tukiwa wadogo bila hofu. Ndiyo sababu mtu akifukuzwa anakitafuta. Hatafuti anasa. Anatafuta saa moja ya siku ambayo watoto wake hawatakuwa wakimbizi.

Kwa wale wanaogawa msaada, asanteni. Bila unga ule watu wengi wangekufa, na hakuna anayesahau hilo. Lakini kabla ya kushusha magunia, waulizeni akina mama wanapika nini. Swali hilo halina gharama. Na mkimwona mmoja ameuza bakuli la unga ili apate sombe, msimwite mwongo. Amepunguza wingi ili apate mlo.

Kwa wenyeji mliowapokea wakimbizi, kama una kona ya uwanja nyuma ya nyumba, mpe mama mmoja apande lengalenga au vijiti vya mihogo. Baada ya miezi michache mtakula wote.

Na wewe mama wa Masisi, sijui uko wapi leo. Labda umerudi kijijini, labda umehamia tena mahali pengine. Kama unanisikia, hili ndilo jibu langu zito: mapadri walilitaka hilo hilo, wazungu wa Algeria walilitaka, Wakongo wa Bruxelles wanalilipia kila Jumamosi. Si dhambi, mama. Ile sombe yako ilikuwa chakula cha mtu mzima mwenye heshima yake. Siku nyingine ukiipika, ule na wewe.