Ngazi za Maji

Sisi watu wa pwani tunajua maji ya kujaa na kupwa, tunajua bamvua na maji mafu, lakini maji yanayopanda ngazi wazee wetu hawakutusimulia. Mimi niliyaona nikiwa na umri wa miaka 66, katika jimbo la New York, kiangazi cha mwaka 2019. Nilikuwa na mke wangu ndani ya boti ya futi 26 niliyoinunua kwa jirani aliyekuwa amechoka nayo.

Tangu tulipohamia Marekani mwaka 1984 nilikuwa fundi wa injini za boti za watu. Nilipostaafu nikamwambia Mama Zuhura kwamba sasa nataka kuendesha moja kwa raha zangu, kutoka bandari ya New York mpaka karibu na Buffalo, kwenye Ziwa Erie, mwendo wa kama kilomita 800 bila kugusa bahari kuu. Alinitazama muda mrefu. "Baba Zuhura," akasema, "umri wote huu hukutosheka na harufu ya dizeli?" Lakini alifunga mizigo. Alikuwa muuguzi, na wauguzi hawamwachi mtu mzima aende peke yake penye hatari.

Tulianza safari alfajiri ya mwezi Juni. Kabla hatujaipa mgongo bandari nilimwonyesha maji yale na kumkumbusha kwamba tarehe 30 Aprili 1840 ilitia nanga hapo jahazi ya Sayyid Said wa Zanzibar, iitwayo Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman, ikiwa imebeba tende, kahawa, pembe, karafuu na ngozi. Watu wa New York walimiminika kuitazama. Basi hatukuwa sisi wa kwanza kutoka kwetu kufunga kamba pale, na jambo hilo lilinipa kiburi kidogo ambacho mke wangu alikiona na kukinyamazia.

Mto Hudson ni mto wa ajabu. Maji ya bahari huusukuma kujaa na kupwa hadi mji wa Troy, zaidi ya kilomita 240 ndani ya nchi kavu. Husemekana wenyeji wa asili waliuita mto unaokwenda pande mbili. Kwa siku tatu nilisafiri kama nilivyofundishwa na marehemu baba yangu huko Pangani: unangoja maji yajae, unapanda nayo, yakigeuka unapumzika.

Baada ya Troy mambo hubadilika. Huko Waterford ndiko mfereji unakoanza, na hapo pana vyumba vitano vya malango vinavyofuatana, ambavyo kwa pamoja huinua chombo kiasi cha mita 50. Nieleze kwa ufupi, kwa sababu nilipomsimulia ndugu yangu kwa simu alidhani natania. Unaingia na boti yako katika chumba kirefu cha saruji, ukutani kumejaa utelezi. Lango linafungwa nyuma yako. Mtu aliye juu anafungua njia ya maji kutoka upande wa juu, na maji yanaingia kwa chini, taratibu, yakikuinua pamoja na boti yako. Hakuna pampu, ni uzito wa maji yenyewe tu. Kazi yako ni kushika kamba ukutani, usiifunge, uwe ukiivuta kila boti inapopanda. Yakisawazika, lango la mbele linafunguka na unatoka ukiwa juu ya ulimwengu ulioingilia. Mara ya kwanza mke wangu alishika kamba ya omo huku anasoma Ayatul Kursi. Mara ya tano alikuwa anakula chungwa.

Mfereji huu wa Erie ulibuniwa na watu ambao leo wasingepewa kazi hiyo. Mmoja wa waliousemea mapema alikuwa mfanyabiashara wa unga aliyefilisika, Jesse Hawley, ambaye aliandika makala zake mwaka 1807 na 1808 akiwa amefungwa kwa madeni. Gavana DeWitt Clinton aliposhika wazo hilo, wapinzani wake waliuita handaki la Clinton. Wasimamizi wakuu wa ujenzi, Benjamin Wright na James Geddes, walikuwa mahakimu na wapima ardhi. Uhandisi wa mifereji walijifunza kwa kuuchimba. Kazi ilianza Rome tarehe 4 Julai 1817, ikamalizika Oktoba 1825. Ukawa na urefu wa kilomita 584, kina cha mita 1.2 tu, upana wa mita 12, vyumba vya malango 83. Siku ya kuufungua, mizinga ilipangwa kutoka Buffalo hadi New York, kila mmoja ukipigwa mara unaposikia wa nyuma yake, na habari ikafika baharini kwa muda usiotimia saa mbili. Gharama ya kusafirisha tani moja ya mizigo kutoka Buffalo ikashuka kutoka kama dola 100 hadi kama dola 10. New York ikawapita washindani wake na haikutazama nyuma.

Hayo husimuliwa kwa furaha katika kila kijiji unachofunga kamba. Kisichosimuliwa sana ni kwamba bonde lile la mto Mohawk, na nchi yote ya magharibi yake, lilikuwa la Wahaudenosaunee, mataifa sita yaliyoungana, na kwamba mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru, jeshi la Wamarekani lilichoma vijiji vyao zaidi ya 40 pamoja na mahindi yaliyokuwa shambani. Rome penyewe, palipopigwa jembe la kwanza, ndipo watu hao walipokuwa wakibeba mitumbwi yao mabegani kutoka mto mmoja hadi mwingine, karne nyingi kabla ya Clinton. Njia ilikuwapo, ilichukuliwa, kisha ikapanuliwa.

Mfereji tuliopita sisi si ule wa kwanza hasa. Ulipanuliwa mara kadhaa, na kati ya 1905 na 1918 ulijengwa upya, mkubwa zaidi, ukapitishwa katika mito yenyewe na katika Ziwa Oneida. Ziwa hilo ni la kina kifupi na lina hasira. Upepo wa magharibi ulitupiga mawimbi ya kukatakata saa nne mfululizo, vyungu vikaanguka, tukagombana kwa sauti kubwa juu ya nani aliacha mlango wa jiko wazi. Nilikuwa ni mimi. Tangu mwaka 1959, njia ya mto St. Lawrence ilipofunguliwa kwa meli kubwa, mizigo imeukimbia mfereji, na siku nyingine tulikutana na boti mbili tu tangu asubuhi hadi jioni. Kimya kile kizuri ndicho kilichotufikisha Montezuma tukiwa hatuna la kutukinga tusizungumze.

Montezuma ni bonde la kinamasi, matete mpaka jicho linapochoka, karibu na mwisho wa kaskazini wa Ziwa Cayuga. Ndege ni wengi ajabu. Kando ya mto yamesimama matao ya mawe, mabaki ya daraja lililojengwa katika miaka ya 1850 kuubeba mfereji juu ya mto. Katikati yake yalibomolewa kupisha boti. Tulifunga kamba hapo karibu, na jioni, mbu wakiwa wameanza kuimba, nikachukua kitabu changu cha historia ya mfereji nimsomee mke wangu, kama nilivyokuwa nikifanya kila siku.

Mwaka 1819 wachimbaji walifika katika kinamasi hiki. Walikuwa vijana wa mashamba ya karibu na wahamiaji, wengi wao kutoka Ireland, wenye sururu, masepeto na matoroli, wakifanya kazi kwa ujira mdogo na kipimo chao cha wiski. Walisimama ndani ya maji na tope, na matope waliyoyatoa yalirudi shimoni usiku. Kisha ikaja homa. Watu kama elfu moja waliugua, na wengi walikufa. Walidhani inaletwa na hewa chafu ya kinamasi, kwa hiyo walivaa shingoni vikopo vya majani yanayofuka moshi, na nadhani moshi ule uliwasaidia kidogo kwa sababu wasiyoijua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa malaria, kwa maoni ya wengi. Kwinini ilitolewa katika gome la mkwinini mwaka 1820, mwaka mmoja baadaye, na mbu hakukamatwa na hatia yake hadi Ronald Ross alipoichunguza tumbo yake huko India mwaka 1897. Wasimamizi waligundua tu kwamba wakati wa baridi kinamasi kikiganda watu hawafi, wakaahirisha kazi mpaka barafu.

Mke wangu aliweka kikombe chini. "Walizikwa wapi?"

Nikapekua. Kitabu kilikuwa na majina ya wahandisi wote, na jina la boti iliyombeba gavana. "Hapa hapa, nadhani. Hakuna majina."

Alikaa kimya. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Ndugu msomaji, miaka 40 nilikuwa nikilingoja swali hilo. Kabla ya Zuhura tulikuwa na mtoto wa kiume, Salim. Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, dawa zikiwa za kutafutwa, alishikwa na homa huko Tanga akiwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa Dar es Salaam nikifunga injini ya meli ya uvuvi. Nilipewa habari Jumanne kwamba mtoto anaumwa. Nilibaki siku mbili nimalize kazi, kwa sababu malipo yalikuwa mazuri na homa ya watoto tuliizoea. Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka. Mke wangu alikwenda kusomea uuguzi mwaka uliofuata. Watu walikuwa wakimwita Mama Salim. Tulipohamia ugenini ambako hakuna aliyejua, tukajiita Baba na Mama Zuhura, na hatukuambizana kwa nini.

Nilimjibu ukweli, pamoja na kiasi cha pesa nilicholipwa, ambacho sikuwahi kumtajia mtu. Hakulia. Alisema zamani alijua kwamba nilichelewa kwa makusudi, ila hakujua kama nami najijua. Tukalala bila kuzima taa ya nanga. Usiku nilisikia anawarehemu wale wachimbaji, watu wa dini nyingine na bara jingine, mmoja mmoja, kwa kuwa hakuwa na majina: "Na yule. Na yule."

Zilizobaki nizipitie upesi. Rochester tulivuka mto Genesee kwa mvua. Lockport, ambako wachimbaji walipasua jabali kwa baruti, tuliinuliwa kama mita 15 kwa vyumba viwili, kando ya ngazi tano za zamani za Nathan Roberts ambazo bado zipo. Kule nilijifunza kwamba nyumbu waliovuta boti za zamani mara nyingi waliongozwa na wavulana wadogo, baadhi yatima, wakitembea usiku kucha juu ya ukingo. Sikumsomea hilo.

Tulifika Tonawanda saa kumi na mbili jioni, tukafunga kamba kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nafuta injini mafuta aliponiuliza jiwe la marumaru Tanga ni bei gani. Kaburi lina jiwe la tumbawe kichwani, halina maandishi. Ndugu yangu hulifyeka majani kila Shaabani. Nikasema sijui, na huko sasa ni saa saba usiku.

Tukakaa macho. Ilipofika saa nne na nusu, kwao alfajiri, nikampigia. Alikuwa ametoka msikitini. Nikamweleza, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza liandikwe vipi. Mama Salim akaichukua simu mkononi mwangu, akamtajia, herufi kwa herufi.