Timon na Pumbaa: Nguchiro na Ngiri wa Katuni

Timon na Pumbaa ni jozi ya wanyama wachekeshaji iliyobuniwa na studio ya Walt Disney kwa ajili ya The Lion King, filamu ya katuni iliyotoka Juni 1994. Timon ni nguchiro mwembamba mwenye maneno mengi. Pumbaa ni ngiri mnene na mpole, aliyekimbiwa na wenzake kwa sababu ya harufu yake. Wawili hawa wanamwokota Simba, mwana wa mfalme aliyetoroka kwao, wanamlisha wadudu na kumlea mpaka anaota manyoya ya shingoni. Katuni nyingi maarufu zimejengwa juu ya wanyama wawili, lakini ni chache mno zilizochota kwetu kama hii: nchi yenyewe, mnyama mmoja kati ya wawili, majina na hata maneno ya wimbo.

Kwa mkazi wa Mwanza, ngiri si mnyama wa kusimuliwa. Upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti unanyooka hadi karibu na Ghuba ya Speke, na geti la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Kutoka gati la Kamanga, katikati ya jiji, hadi hapo ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari, na abiria wa basi mwenye bahati huwaona wanyama dirishani. Ngiri hula majani akiwa amepiga magoti ya mbele. Akishtuka hukimbia mkia umesimama wima, na shimo analolala, ambalo mara nyingi lilichimbwa na muhanga, huliingia kinyumenyume ili pembe zake zibaki zikielekea mlangoni. Dume kubwa hufikia kilo 100 na zaidi. Wachoraji wa Pumbaa walimkuza kichwa na kumpunguzia ukali, lakini mwili na mwendo ni wa ngiri kweli.

Timon ametoka mbali zaidi. Aina yake ya nguchiro, yule anayesimama kwa miguu ya nyuma akilinda kundi, huishi katika nchi kavu za kusini: Botswana, Namibia, Afrika Kusini na sehemu ya Angola. Hafiki hata kilo moja. Anayemtafuta Serengeti atakutana na ndugu zake tu, nguchiro kibete na nguchiro miraba, ambao nao hutembea kwa makundi na kupekua vichuguu.

Hapa ndipo maumbile yanapoipita katuni. Katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, kwenye rasi ya Mweya, watafiti na wapiga picha wameshuhudia mara nyingi ngiri wakijilaza chini mbele ya kundi la nguchiro miraba. Nguchiro humpanda ngiri mgongoni na tumboni, wakamtoa kupe mmoja mmoja na kuwala. Ngiri anapata usafi, nguchiro wanapata chakula. Watengenezaji wa filamu waliwaunganisha wanyama hawa wawili kwa sababu ya kuchekesha, na kumbe urafiki wa namna hiyo upo, katika nchi inayopakana na ziwa lilelile linalopiga mawimbi Mwanza.

Kundi la wasanii wa Disney lilisafiri Kenya mwaka 1991 kuchora mandhari, na miamba ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni miongoni mwa mahali walipopita. Katika safari hiyo walilisikia neno “hakuna matata” kutoka kwa mwongozaji wao wa watalii. Awali Pumbaa alikuwa ameandaliwa wimbo mwingine, “Warthog Rhapsody”, lakini uliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na “Hakuna Matata” wa Elton John na Tim Rice. Wimbo huo uliingia katika kinyang'anyiro cha tuzo ya Oscar, ukashindwa na mwingine wa filamu hiyohiyo, “Can You Feel the Love Tonight”. Nao wimbo huo wa mapenzi una kisa chake: kuna wakati ulipangwa uimbwe wote na Timon na Pumbaa kwa mzaha. Elton John alipinga, na wachekeshaji wakaachiwa mwanzo na mwisho tu. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani mzaha wao unakolea zaidi unapozunguka jambo zito kuliko unapolifunika.

Sauti zao zilipatikana kwa namna isiyotarajiwa. Nathan Lane na Ernie Sabella walikuwa wakiigiza pamoja jukwaani New York katika Guys and Dolls, na walikwenda kujaribiwa kama fisi. Waongozaji, Roger Allers na Rob Minkoff, walipowasikia wakipokezana maneno wakaona wamepata nguchiro na ngiri wao. Michael Surrey alisimamia uchoraji wa Timon, Tony Bancroft wa Pumbaa. Sehemu kubwa ya uhai wa jozi hii inatokana na mazoea ya waigizaji wawili waliokwisha kujuana: mmoja anarusha neno, mwenzake anajua lini kulidaka na lini kuliacha lianguke.

Jozi za katuni za zamani zilitegemea zaidi mbio na uadui. Tom na Jerry, paka na panya wa William Hanna na Joseph Barbera, walianza kufukuzana mwaka 1940 katika studio ya MGM, na mfululizo wao ukapata Oscar saba. Mwaka 1949 Chuck Jones, wa Warner Bros., alimtoa Wile E. Coyote anayemfukuza ndege asiyekamatika. Masimulizi yetu yanaufahamu mtindo huo tangu zamani: sungura anadanganya, fisi mlafi anadanganyika, na kesho yake wanaanza upya. Timon na Pumbaa waliuacha. Tofauti ya miili, mmoja mdogo mwembamba na mwingine mkubwa mnene, ni ileile waliyoitumia Laurel na Hardy katika sinema za kale, lakini hapa hakuna windo wala mwindaji. Timon huiba wazo la Pumbaa na kulitangaza kuwa lake, na Pumbaa hukubali bila kinyongo. Mtazamaji makini hugundua kwamba yule anayeonekana mpumbavu ndiye mwenye fikra: usiku wanapozitazama nyota, ni Pumbaa anayesema kuwa hizo ni moto wa gesi ulio mbali sana, na ni Timon anayemcheka.

Mafanikio ya filamu yaliwapa kazi yao wenyewe. Mfululizo wa televisheni Timon & Pumbaa ulirushwa kuanzia 1995 hadi 1999, ukiwazungusha dunia nzima. Mwaka 1997 walipanda jukwaani Broadway katika mchezo ulioongozwa na Julie Taymor, Timon akiwa kikaragosi kilichofungwa mbele ya mwigizaji aliyevaa kijani. Mwaka 2004 walipata The Lion King 1½, ambamo wanasimulia kisa cha kwanza upya kwa macho yao. Katika toleo la 2019, lililotengenezwa kwa kompyuta ili lifanane na picha halisi, sauti zilikuwa za Billy Eichner na Seth Rogen.

Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka uleule wa 1994. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973. Watoto wengi wa miaka hiyo waliwajua Timon na Pumbaa kwa mikanda ya video na deki ya jirani, baadaye kwa CD, na kwa Kiingereza. Toleo la lugha ya Kiafrika lililotengenezwa wakati huo lilikuwa la Kizulu. Ni jambo la kusikitisha, maana mtoto wa Mwanza asiyejua Kiingereza ndiye aliyeelewa mara moja kwa nini ngiri yule anaitwa Pumbaa, na Shenzi ni fisi wa namna gani.

Mgogoro mkubwa zaidi ulihusu wimbo wao. Disney iliomba mwaka 1994 kusajili maneno “Hakuna Matata” kuwa alama ya biashara nchini Marekani kwa ajili ya mavazi, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwishoni mwa 2018 Shelton Mpala, mwanaharakati wa Zimbabwe, alianzisha waraka wa kupinga uliotiwa saini na zaidi ya watu 100,000. Usajili ule haumzuii mtu kuyatamka maneno hayo, ila hasira ilikuwa na msingi. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wamekwisha kuyaimba katika “Jambo Bwana” mwaka 1982, na Boney M. wakauchukua wimbo huo mwaka uliofuata, miaka kumi na zaidi kabla ya nguchiro wa katuni kufungua kinywa.

Mfululizo wa The Lion Guard, ulioonyeshwa kati ya 2015 na 2019, ulitumia Kiswahili kwa wingi zaidi. Ndani yake Timon na Pumbaa ni walezi wa Bunga, nyegere asiyeogopa kitu. Katika Mufasa: The Lion King, iliyoongozwa na Barry Jenkins na kutoka Desemba 2024, wamekaa na Kiara, binti wa Simba, wakimsikiliza nyani Rafiki akisimulia ujana wa babu yake, na kila mara wanaikatiza hadithi kulalamika kwamba wao hawamo.