Kusisimka: Neno la Mwilini Lililohamia Magazetini

Kilwa Kivinje kuna mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, kwa kuupinga utawala wao. Mzee anayejua kusimulia akikupa habari hiyo, iwe Kivinje kwenyewe au Tingi, malaika ya mkononi, yaani vinyweleo, husimama. Hapo husemi umeogopa wala umehuzunika. Unasema mwili umekusisimka.

Asili ya neno hili ni mwilini. Mvuvi anayeingia majini alfajiri, kusi likivuma, huona ngozi ya mikono ikitoka vipele vidogo na malaika yakinyanyuka. Kwenye shina la kila unywele pana msuli mdogo mno. Baridi au hofu ikiingia, msuli hujikaza na unywele husimama. Wenye lugha waliitenga hali hiyo na nyingine zinazofanana nayo: mguu uliokunjwa mno mkekani hufa ganzi, upupu huwasha, mtoto hutekenywa. Kusisimka hutokea hata pale ambapo ngozi haijaguswa na kitu.

Frederick Johnson aliliingiza neno hili katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, na huko nako maana yake ilihusu mwili na damu kuchemka. Kama pasuka lilivyo na pasua, sisimka nalo lina mwenzake, sisimua. Huyo mwenzake ndiye aliyesafiri mbali. Miaka ya 1970, Elvis Musiba alipomleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, vitabu vya aina hiyo vikajulikana kuwa riwaya za kusisimua. Siku hizi mechi ina msisimko, kampeni ina msisimko, hata tangazo la sabuni husisimua.

Lugha hukua, na kukua huko ni heri. Lakini tukiliita kila jambo la kusisimua, tutakosa neno la kusemea Mwembe Kinyonga. Waandishi wenzangu, kabla hamjaliandika neno hili, jiulizeni kama kweli malaika yalisimama. Kama hayakusimama, semeni mechi ilikuwa nzuri, inatosha.