Dawa za kuzuia damu kuganda na hatari ya kuvuja damu

Mgonjwa anayelala kitandani hospitalini kwa siku nyingi hukabiliwa na hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Bonge la damu likibanduka, huweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kumuua ghafla. Ndiyo maana madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa dawa za kuzuia damu kuganda kabla dalili zozote hazijajitokeza.

Heparini, dawa kongwe ya aina hiyo, ilitokana na ugunduzi wa mwaka 1916 wa Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Siku hizi hutumika pia enoksaparini, ambayo hudungwa chini ya ngozi, kwa kawaida miligramu 40 kwa siku.

Hata hivyo, dawa inayozuia bonge mguuni hudhoofisha pia uwezo wa mwili wa kuziba jeraha. Mwaka 2011, uchanganuzi wa tafiti 18 kuhusu wagonjwa 36,122 waliolazwa bila kupasuliwa, wakiwemo wa kiharusi, ulionyesha kuwa katika kila wagonjwa 1,000 waliopewa heparini au dawa za jamii yake, watatu waliepushwa na bonge la mapafuni. Lakini visa vya kuvuja damu viliongezeka kwa tisa, vinne kati yavyo vikiwa vibaya.

Kwa sababu hiyo, Chuo cha Matabibu cha Marekani kilishauri mwaka huo kwamba hatari zote mbili zipimwe kwa kila mgonjwa kabla ya dawa kuanzishwa.

Walio hatarini zaidi kuvuja damu ni wenye vidonda vya tumbo visivyopona, waliovuja damu katika miezi mitatu iliyotangulia, na wenye upungufu mkubwa wa chembechembe za kugandisha damu. Figo zikiwa dhaifu, enoksaparini hulimbikizana mwilini. Aspirini nayo huongeza hatari.

Basi ni muhimu mgonjwa au jamaa zake wamweleze daktari mapema kuhusu maradhi hayo na dawa anazotumia. Akipata choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu au maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, muuguzi aarifiwe mara moja. Ipo dawa, protamini, inayoweza kuzima nguvu za heparini, ingawa dhidi ya enoksaparini hufaulu kwa kiasi tu.