Hadhira na Ufufuzi wa Tamthilia: Mapokezi ya Ngaahika Ndeenda, 1977 na 2022

Utangulizi

Wahakiki wa tamthilia wamezoea kuuliza mwandishi alikusudia nini na mwelekezi alifanya nini jukwaani. Swali la tatu, yaani mtazamaji alisema nini, mara nyingi huachiwa magazeti. Makala haya yananuia kulichunguza swali hilo kwa kuangalia mapokezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, katika nyakati mbili: ilipoigizwa mara ya kwanza Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, na ilipofufuliwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi, Mei 2022. Hans Robert Jauss alitukumbusha kwamba kila hadhira huja na upeo wake wa matarajio. Sisi tunaongeza kwamba hadhira huja pia na nafasi iliyopewa, na kwamba maoni yake hayaeleweki kabla ya kuichunguza nafasi hiyo.

Kamiriithu: maoni ndani ya matini

Msomaji atakumbuka kisa chenyewe. Kiguunda, kibarua wa shambani, anamiliki ekari moja na nusu tu ya ardhi, na hati yake ameitundika ukutani. Tajiri Kioi na wenzake wanaitamani ardhi hiyo. Kiguunda na mkewe Wangeci wanashawishiwa kufunga ndoa ya kanisani, wanachukua mkopo kwa dhamana ya hati ile, na mwishowe ardhi inawaponyoka.

Mazoezi, chini ya uelekezi wa Kimani Gecau, yalifanyika mahali pa wazi. Mpita njia aliweza kusimama, akatazama na akatoa kauli. Wazee walisahihisha lugha iliyowekwa vinywani mwa wahusika wa rika lao. Waliozijua nyimbo za arusi walielekeza mpangilio wake. Wafanyakazi walijadili mishahara yao na jinsi unyonyaji wanaoujua ulivyopaswa kuelezwa. Kwa hiyo onyesho lilipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, wengi waliokaa katika ukumbi ule usio na paa, walioujenga kwa mikono yao, walikuwa wamekwisha kuitolea tamthilia maoni, na maoni hayo yalikuwa sehemu ya matini.

Serikali nayo ilikuwa hadhira, na maoni yake yalitolewa kwa njia nyingine. Leseni ya maonyesho ilifutwa tarehe 16 Novemba 1977. Mwishoni mwa Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 kikundi kile kilipotaka kuonyesha Maitu Njugira katika Ukumbi wa Kitaifa, kilikuta milango imefungwa. Mazoezi yakaendelea katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu kwa maelfu wakaja kuyatazama kabla hayajakomeshwa pia. Mwezi Machi mwaka huo ukumbi wa Kamiriithu ulibomolewa na polisi.

Nairobi, 2022: maoni nje ya matini

Ni katika jengo lile lile lililowafungia milango wanakijiji mwaka 1982 ambamo Ngaahika Ndeenda ilirejea miaka 40 baadaye. Kampuni ya Nairobi Performing Arts Studio, chini ya uelekezi wa Stuart Nash, iliiigiza kwa Kiingereza na kwa Kikuyu katika maonyesho tofauti. Uchaguzi mkuu wa Agosti ulikuwa umekaribia.

Katika mazungumzo yetu na baadhi ya waliotazama, wakiwemo wanafunzi wetu wa uzamili, maoni ya aina tatu yalijitokeza. Kundi la kwanza lilisifu nyimbo na ngoma, likaridhika. Kundi la pili lilishangaa kwamba tamthilia iliyomtenga mwandishi wake na Kiingereza ilirudi nyumbani ikizungumza Kiingereza. Likajibiwa na wengine kwamba bila Kiingereza wao wangeachwa nje. Kundi la tatu, ambalo ndilo lililokuwa kubwa, lilisema kwamba tamthilia ingali inatuhusu.

Sifa hii ya tatu yafaa kupimwa kwa uangalifu. Kusema kwamba kisa cha Kiguunda kingali cha leo ni kumsifu mtunzi, lakini pia ni kukiri kwamba suala la ardhi halijapata suluhisho. Mtazamaji wa 1977 aliyasema hayo akiwa kibarua miongoni mwa vibarua, na waliotawala wakamwogopa. Mtazamaji wa 2022 aliyasema akitoka ukumbini na tiketi yake mfukoni, na hapakuwa na aliyetishika. Huenda huo ni uhuru uliopatikana. Huenda pia ni dalili kwamba maoni yamepoteza makali.

Aidha, mjadala wa lugha mbili ulisahau lugha ya tatu. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ya Clement Kabugi, ilichapishwa mwaka 1982. Hoja ya wale walioogopa kuachwa nje ingejibiwa vizuri zaidi na lugha ambayo kibarua wa Limuru na kibarua wa Changamwe wanaelewana kwayo. Kwamba haikutajwa na yeyote kati ya tuliozungumza nao ni lawama kwetu sisi walimu wa Kiswahili kabla ya kuwa lawama kwa mwelekezi.

Tatizo la ushahidi

Hata hivyo, tujihadhari na ulinganisho mwepesi. Hadhira ya 2022 tumeiona na kuisikia. Ile ya 1977 tunaijua zaidi kupitia kalamu ya mwandishi mwenyewe, hasa katika Detained (1981) na Decolonising the Mind (1986). Ni ushahidi wa thamani kubwa, lakini ni wa mtu aliyeipenda hadhira ile na aliyeteswa kwa ajili yake. Je, hapakuwa na mwanakijiji aliyechoshwa na hotuba za Gicaamba, au muumini aliyeumizwa na jinsi kanisa linavyosawiriwa? Ukimya wao si hoja kwamba hawakuwako.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kamiriithu maoni ya hadhira yaliijenga tamthilia, ilhali Nairobi yaliifuata. Ufufuzi uliorudisha maneno na nyimbo haukuirudisha nafasi ile ya mtazamaji. Ngugi wa Mirii alifariki mwaka 2008, na Ngugi wa Thiong'o mwezi Mei 2025. Waliokuwa vijana katika mazoezi ya 1977 sasa ni wazee. Idara zetu hutuma wanafunzi kukusanya ngano na methali. Ziwatume pia Limuru kukusanya kumbukumbu za watazamaji, za waliopenda na za waliochukia, kabla sauti hizo hazijanyamaza. Bila hizo, historia ya tamthilia yetu itabaki kuwa historia ya waandishi na wakuu wa polisi peke yao.