Strungi ya Magokoro na Dawa Yenye Jina la Chai

Wasee, leo tuongee historia kidogo.

Tukiwa wadogo huko Itumbe, binamu yangu alikuwa na pumu. Usiku kifua kikimbana, magokoro alikuwa anawasha moto na kumpikia strungi nzito, nyeusi ti. Sisi tulikuwa tunacheka. Kumbe mzee alikuwa na hoja.

Mwaka 1888, Mjerumani Albrecht Kossel alichambua majani ya chai akapata kitu ambacho sayansi haikuwa inakijua. Kikaitwa theofilini, yaani "jani la chai". Ni ndugu ya kafeini, na kinalegeza misuli inayobana njia za hewa. Kufikia miaka ya 1920 madaktari wa Ulaya walikuwa wanakitumia kutibu pumu. Kwa sababu jani lina kidogo sana, viwanda vilijifunza kukitengeneza bila chai.

Hata maabara zilikihitaji. Earl Sutherland, aliyepata Nobel mwaka 1971, alikuwa anachunguza vile homoni hupitisha ujumbe ndani ya seli. Theofilini na kafeini zilisaidia, kwa sababu zinazuia ule ujumbe usivunjwe haraka. Na leo kafeini inapewa watoto waliozaliwa kabla ya wakati ili wasisahau kupumua.

Sasa angalia tarehe. Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza 1903, Limuru. Mkoloni akawaachia walowezi na makampuni. Wakulima wadogo Waafrika walikuja kuingia miaka ya 1950, na KTDA ikaanzishwa 1964. Jani lilipofika milima ya Gusii, siri yake ilikuwa tayari iko kwa duka la dawa. Sisi tulipewa kikapu na bei ya kilo.

Hiyo ndiyo inaniuma. Kila mwaka tunabishana juu ya bonasi, na ni haki yetu. Lakini shuleni nilifundishwa chai kama zao la kuuza nje tu. Hakuna mwalimu aliyetuambia jani tunalochuma asubuhi kabla ya darasa limewahi kuokoa pumzi za watu.

Lakini tusidanganyane: strungi si dawa ya pumu. Inafungua kifua kidogo tu, na theofilini yenyewe ikizidi inavuruga moyo. Mtu akishindwa kupumua, inhela na hospitali, mara moja. Magokoro alitumia strungi kwa sababu usiku ule hakukuwa na kingine.

Kwenu mlikuwa mnapewa nini kifua kikibana?