Jeraha la Portia na uso wa jando

Mwaka 1963 wasomaji wa Kiswahili walipata tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar kwa lugha yao, na mwaka 1969 wakapata Mabepari wa Venisi. Mfasiri wa zote mbili alikuwa mwana wa Butiama, Julius Kambarage Nyerere, akiwa Rais wa nchi. Wahakiki wengi wamezisoma tafsiri hizo kwa jicho la siasa: utawala wa mtu mmoja katika ya kwanza, fedha na riba katika ya pili. Mimi zinanivuta kwa jambo jingine, ambalo kwetu Mara lina uzito wa pekee: jinsi binadamu anavyoyapima maumivu ya mwili wa mwenzake, na jinsi anavyokosea kipimo.

Katika tamthilia ya kwanza, Portia, mke wa Brutus, anamsihi mumewe amwambie siri inayomkosesha usingizi. Ili aaminiwe kuwa ana uwezo wa kutunza siri, amejijeruhi pajani kwa makusudi na kunyamaza kimya. Anamweleza mumewe. Brutus anashangaa, anaiomba miungu imjalie astahili mke wa namna hiyo, kisha mlango unabishwa na mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza jeraha lina kina gani wala nani atalifunga. Maumivu ya Portia yamesomwa kama barua ya sifa, na barua ikishasomwa inawekwa kando.

Tukio hilo halihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekulia Mara. Kijana wa Kikurya hukabili kisu cha ngariba huku macho ya ukoo mzima yakiwa usoni pake; akikunja uso, aibu inaingia nyumbani kwao. Wazanaki walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele, na Nyerere mwenyewe alichongwa meno yake ujanani. Jirani zao Waluo wa Rorya walikuwa wakiwang'oa vijana wao meno sita ya chini. Kila mila ina sababu zake na nyimbo zake, lakini zote zilimfundisha mtoto kuwa mwili unaweza kuwaka moto na uso usiseme kitu.

Sidharau fundisho hilo. Limewalea watu wasiokimbia hatari, na lilikuwa na huruma yake. Kijana wa jando hanyamazi mbele ya watu wasiojua kitu: kila mzee pale aliwahi kukatwa, kila mmoja anajua kinachoendelea chini ya uso ule mkavu. Baada ya kisu kuna nyimbo, zawadi, chakula kizuri, na siku ya kupona inajulikana. Kimya chake kinasikika. Shida inaanza pale kijana huyohuyo, miaka ishirini baadaye, anapoupeleka uso uleule hospitalini Musoma au Bunda, mbele ya daktari kijana aliyekulia Kilimanjaro au Lindi. Hapo hakuna ukoo wa kuutafsiri. Anaulizwa hali, anajibu anashukuru Mungu, na kwenye faili anaandikwa mgonjwa asiye na maumivu makali. Anapewa panadoli.

Kwa wasichana jambo hili lina sura chungu zaidi. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na bado, msimu wa ukeketaji unapofika, nyumba salama za Butiama na Mugumu hupokea wasichana waliowakimbia jamaa zao wenyewe. Aliyeamua kwamba maumivu yale yanavumilika mara nyingi ni mama au bibi ambaye naye alikeketwa. Tunapenda kuamini kwamba aliyeumwa ndiye hakimu bora wa maumivu ya mwenzake. Haiwi hivyo kila mara. Yaliyompata huwa ndiyo ratili anayowapimia wengine, na aliyevuka akiwa hai huona kila anayelia ni mdekaji.

Mabepari wa Venisi inalionyesha jambo hilo kwa ukali kuliko kitabu kingine ninachokijua. Shylock, Myahudi aliyetemewa mate na kudharauliwa, anajitetea kwa mwili wake: naye huvuja damu akichomwa kama Mkristo yeyote. Hakuna hoja iliyo wazi kuliko hiyo. Lakini mahakamani, kisu kikiwa tayari kwa ajili ya nyama ya mdeni wake Antonio, anaambiwa amweke daktari karibu ili mdeni asife kwa kuvuja damu. Shylock anauliza kama hilo limeandikwa kwenye mkataba. Mtu aliyeomba damu yake iaminiwe anakataa kuiona ya mwenzake. Na anayemwomba daktari huyo anaitwa Portia, jina moja na mke wa Brutus, ambaye hakuombewa daktari na yeyote.

Kosa hili halina kabila. Mwaka 1952 Mark Zborowski alichapisha utafiti wake kuhusu wagonjwa wa hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York. Waitalia na Wayahudi waliugulia kwa sauti, na waganga wakawaona wanazidisha. Wamarekani wa vizazi vingi walieleza maumivu yao kwa utulivu, wakasifiwa. Sauti zilipochunguzwa zaidi hazikuwa na maana moja: Mwitalia alitaka kitulizo na akikipata alitulia, Myahudi aliendelea kuhangaika juu ya kile ambacho maumivu yalikuwa yanatabiri. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walikuta kwamba nusu hivi ya wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana weupe waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Walioamini hivyo waliyapunguzia makali maumivu ya mgonjwa mweusi, na dawa walizopendekeza zilipungua usahihi.

Kwetu Kanda ya Ziwa mtihani mkubwa ni selimundu. Chembe za damu hujikunja kama mwezi mwandamo, huziba mishipa midogo, na mfupa hukosa hewa. Mara nyingi nje hakuna jeraha wala uvimbe. Ushahidi pekee ni neno la mgonjwa. Na mgonjwa huyo ameishi na maumivu tangu utotoni, kwa hiyo anaweza kuongea kwenye simu huku mfupa wa paja unamtafuna. Anayemwona anasema huyu anatafuta dawa tu. Wodi ya wazazi ina hukumu ya kinyume: mama anayepiga kelele anaambiwa anajidekeza, wenzake mbona wamejifungua kimya. Anayenyamaza haumwi, anayelia anazidisha. Sasa aumwe vipi ndipo aaminiwe?

Dini zetu zilishatangulia kulijadili hili katika kisa cha Ayubu. Katika Biblia, Elifazi, Bildadi na Sofari waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Hilo ndilo jema walilolifanya. Walipofungua vinywa walianza kumtafutia kosa. Katika Kurani, Ayubu anamlilia Mola wake kwamba madhara yamempata, na bado anasifiwa kwa subira. Anaamriwa apige ardhi kwa mguu, panatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Washairi wa pwani wakamtungia utenzi. Wanaomwambia mgonjwa ajikaze kama Ayubu wasome kisa chote: Ayubu alisema, na baada ya kusema alipewa kitulizo.

Kitulizo kipo. Wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu, barani Afrika hutumia mkono kama kipimo: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote. Mtu aliyefunzwa kutokunja uso anaweza kuinua vidole vinne bila kuvunja heshima yake. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji, unga uliochanganywa na maji, imewafikia wagonjwa wa saratani hadi majumbani, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu manesi na maafisa tabibu waliosomea tiba hiyo kuiandika wenyewe.

Kwa hiyo naomba jambo kwa ndugu wanaowapeleka wagonjwa Bunda, Butiama, au Kwangwa katika hospitali ya rufaa yenye jina la Mwalimu Nyerere. Mgonjwa wenu akisema hajambo, msiondoke hapo. Mwambieni daktari jana alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, tangu lini ameacha kula, upande gani hawezi kuulalia, kazi gani ya shamba au ya ziwani imemshinda. Na daktari ayaandike hayo kwenye faili, mstari mmoja na joto la mwili na mapigo ya moyo, kisha aandike dawa inayolingana nayo.